Fomu ya safari iulize afya ya mtoto, si mchango pekee

Muhula unapokaribia kwisha, watoto wengi wa Bariadi, Maswa na Lamadi hurudi nyumbani na barua zinazofanana. Shule inaandaa safari ya siku moja. Watakwenda Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka, au watakwenda Mwanza kutembea katika kisiwa cha Saanane. Barua inataja tarehe, saa ya kuondoka, kiasi cha mchango na mavazi. Chini kuna nafasi ya mzazi kusaini. Kuhusu afya ya mtoto, mara nyingi hakuna hata swali moja.

Pengo hilo linaonekana dogo, lakini linazaa makosa mawili. La kwanza ni kumwacha nyumbani mtoto mwenye selimundu, pumu, kisukari au kifafa, kwa sababu mama yake anaogopa na mwalimu hataki lawama. La pili ni kumpandisha mtoto huyohuyo kwenye basi bila mtu mzima hata mmoja ndani yake kujua anaumwa nini. Kosa la kwanza linamnyima haki yake. La pili linaweza kumuua.

Msimamo wa safu hii ni kwamba makosa yote mawili yanazuilika kwa karatasi moja, ikijazwa vizuri wiki moja kabla ya safari na ikisomwa na mtu anayejua la kufanya.

Kutembea ni sehemu ya tiba

Tuanze na faida, maana hofu imezidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Ushauri huo haukuwekwa kwa ajili ya wazima tu. WHO inawajumuisha pia watu wenye magonjwa ya kudumu kama kisukari na shinikizo la juu la damu, ilimradi waanze taratibu na kwa kadiri ya uwezo wao.

Matembezi ya porini yana jambo la ziada. Mtoto anayekaa darasani siku tano na mbele ya televisheni siku mbili anapata nafasi ya kutembea, kuona na kuuliza. Watoto wengi wa Meatu, Itilima na Busega wamemjua tembo kama mnyama anayevamia shamba usiku. Kumwona mchana, akiwa katika makazi yake, ni elimu ambayo ubao hauwezi kuitoa. Mkoa wa Simiyu umepakana na Serengeti na una Pori la Akiba Maswa. Ni aibu mtoto wa hapa kumaliza darasa la saba akiwa ameziona nyanda hizo kwenye kalenda tu.

Hata hivyo, pori si uwanja wa mpira. Ndani ya hifadhi hakuna anayeshuka kwenye gari na kutembea anakotaka. Matembezi ya miguu yanahitaji kibali na askari mwenye silaha. Vilevile hakuna duka la dawa njiani, na gari likiwa mbugani, hospitali inaweza kuwa mbali kwa saa kadhaa. Ndiyo maana maandalizi yanaanzia nyumbani.

Wanaoachwa nyumbani

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Maana yake ni kwamba katika shule kubwa ya Simiyu, kuna uwezekano mkubwa wa kuwapo mtoto mwenye ugonjwa huu, hata kama mwalimu hajaambiwa.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kutembea. Asichoweza kuvumilia ni kukaukiwa maji, baridi kali na kuchoka kupita kiasi, kwa sababu hayo huamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Basi linaloondoka Bariadi saa 10 alfajiri lina baridi, kwa hiyo avae sweta. Boti ya kwenda Saanane ina upepo, sweta libaki mwilini. Jua likipanda, anywe maji kila baada ya muda mfupi bila kusubiri kiu, na mwalimu amruhusu kwenda kujisaidia kila anapoomba bila kumfokea. Asishindanishwe kukimbia wala kupanda mawe. Awe na dawa zake za kila siku na dawa ya maumivu aliyopewa kliniki. Akipata homa, maumivu ya kifua, shida ya kupumua au maumivu yasiyotulia kwa dawa, safari yake ya kutembea imekwisha. Sasa anapelekwa hospitali.

Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, si kwenye begi lililofungiwa chini ya basi. Miezi ya kiangazi ina vumbi na moshi wa majani yanayochomwa, na vyote viwili huamsha pumu. Akibanwa, aketishwe wima, asilazwe, apewe pampu kama daktari alivyoelekeza. Asipopata nafuu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mtoto anayechoma insulini anahitaji maandalizi zaidi, kwa sababu kutembea kwa muda mrefu hushusha sukari, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku akiwa amerudi nyumbani. Mzazi aonane na kliniki kabla ya safari ili kujua kama dozi ya siku hiyo ibadilishwe. Asipande basi bila kula. Abebe chakula kinachokaa tumboni, kama viazi vya kuchemsha, matobolwa, karanga au yai. Abebe pia sukari au soda ya kawaida kwa dharura. Mwalimu afundishwe dalili: jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu au kuchanganyikiwa. Hapo mtoto apewe soda nusu chupa au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, apumzike, na baada ya dakika 15 apimwe tena kama kipimo kipo. Akishatulia, ale. Akiwa amepoteza fahamu, asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Insulini isiachwe ndani ya basi lililoegeshwa juani. Ifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na kubebwa kivulini, na isigusane na barafu.

Mwenye kifafa ameze dawa yake ya asubuhi hata kama safari inaanza usiku wa manane, na awe na mtu wa karibu, hasa wakiwa kwenye mawe, kwenye boti au ukingoni mwa maji. Akianguka, ageuzwe ubavu, mawe yaondolewe karibu naye, na asiwekewe kijiko wala kitambaa mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, hiyo ni dharura.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, shati la mikono mirefu, sketi au suruali ndefu na losheni ya kukinga jua inayopakwa kabla ya kutoka na kurudiwa mchana. Kanda ya Ziwa inajua historia chungu ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, hivyo mtoto huyu apangiwe mtu mzima anayefahamika ambaye hatamwacha peke yake hata kwa dakika chache.

Hakuna kati ya haya linalohitaji mtaalamu bingwa ndani ya basi. Yote yanahitaji mwalimu aliyeambiwa mapema.

Na watu wazima je?

Vikundi vya mazoezi vimeongezeka, na baadhi sasa hutoka mjini mwishoni mwa wiki kwenda kutembea vilimani. Ni jambo jema, na wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wanakaribishwa humo.

Tatizo moja hujirudia. Mgonjwa anayetumia vidonge vya shinikizo la damu, hasa vile vinavyoongeza mkojo, huviacha siku ya safari kwa kuhofia kwamba basi halitasimama. Wengine huacha na kunywa maji kwa sababu hiyohiyo. Kisha wanatembea saa tatu juani. Usifanye hivyo. Uliza kliniki yako kama unaweza kumeza kidonge hicho saa nyingine siku ya safari, badala ya kujiamulia kukiacha. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayevimba miguu, anayebanwa kifua akipanda ngazi au mwenye kidonda mguuni kutokana na kisukari, aonane na daktari kwanza. Na mwenye kisukari asitembee na viatu vipya wala ndala. Lengelenge dogo asiloliona linaweza kuwa kidonda cha miezi.

Sare ya bluu ibaki nyumbani

Barua nyingi za safari huagiza wanafunzi wavae sare ili watambulike kwa urahisi. Kwa shule nyingi za msingi, sare hiyo ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Hapa shule zinapaswa kufikiri upya.

Katika mapori ya ukanda wa Serengeti na Maswa kuna mbung'o, ambaye huuma mchana na anaweza kupenyeza mdomo wake kwenye nguo nyepesi. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Wataalamu wanalijua hilo kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Kumvika mtoto kaptula ya bluu na kumpeleka kwenye mbung'o ni kumgeuza mtego.

Kwa safari ya porini, mtoto avae nguo nzito kidogo zenye rangi ya kaki, udongo au kijani kilichofifia, zenye mikono mirefu na miguu mirefu. Atambulike kwa kitambulisho shingoni au kitambaa cha rangi mkononi. Dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimzuii mbung'o vizuri, kwa hiyo nguo ndiyo kinga kuu. Mbung'o pia hulifuata gari linalotembea. Dereva akague basi, na madirisha yafungwe wanapopita maeneo yenye vichaka vizito.

Viatu vya kufunika mguu ni lazima. Nyoka wengi huuma chini ya goti, na kifutu hujilaza njiani bila kukimbia binadamu. Mtoto akiumwa, hatua ni chache: atulizwe, asitembee, avuliwe viatu, saa na bangili kabla ya kuvimba, mguu ufungwe kwenye kijiti usitikisike, na apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Wala usimfukuze nyoka ili kumuua; inatosha kueleza rangi na ukubwa wake.

Maji ya kunywa na maji ya kuoga

Kila mtoto awe na chupa yake ya maji, na basi lipakie madumu ya ziada ya maji safi. Pakiti kadhaa za ORS ziwepo kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Kuhusu kuoga, wazazi wawe wakali. Basi linaporudi kutoka Ndabaka na kusimama Lamadi, ziwa liko karibu na watoto wana joto. Lakini kingo za Ziwa Victoria, pamoja na malambo na mabwawa mengi ya Simiyu, zina kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na jua la mchana ndilo wakati ambao konokono huwatoa kwa wingi majini. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Watoto wasiingie majini. Aliyeingia, mzazi aambiwe, ili wiki kadhaa baadaye akapimwe mkojo na choo. Kichocho kina dawa, nayo ni vidonge vya prazikwanteli.

Homa baada ya safari

Sehemu hii mzazi aisome mara mbili.

Mbung'o wa huku wanaweza kubeba vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi. Aina iliyopo Afrika Mashariki huenda haraka. Dalili kwa kawaida huanza ndani ya wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa: homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma, viungo kuuma, tezi kuvimba, na kwa baadhi uvimbe mwekundu wenye maumivu mahali mbung'o alipouma. Vimelea vikifika kwenye ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, hulala mchana na kukesha usiku. Bila matibabu, huua ndani ya wiki au miezi.

Wagonjwa wa malale siku hizi ni wachache sana, na hakuna sababu ya kuahirisha safari kwa ajili yake. Lakini uchache huo ndio unaoufanya usahaulike. Mtoto akiwa na homa Simiyu, kila mtu anafikiria malaria, na ni sahihi kuipima kwanza kwa sababu ndiyo iliyo ya kawaida. Tatizo ni kwamba kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu kwenye kibao, hakiwezi kuona malale. Malale huonekana kwa hadubini, pale mtaalamu wa maabara anapoweka damu kwenye kioo na kuitafuta. Asipoambiwa kwamba mtoto alikuwa porini, hana sababu ya kuwaza hivyo.

Si jambo jipya kwetu. Katika miaka ya 1920, malale yalizuka katika mapori ya mashariki ya Mwanza, na serikali ya kikoloni ilifyeka mapori katika nchi ya Wasukuma ili kumnyima mbung'o makazi. Mwaka 2001, watalii kadhaa kutoka Ulaya waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, ikiwamo Serengeti, waligundulika kuwa na malale. Madaktari wa kwao walikuwa na swali moja la kuwasaidia: umesafiri wapi? Mtoto wa Bariadi naye anastahili kuulizwa swali hilo, na kama hakuulizwa, mzazi wake alijibu hata hivyo.

Sentensi ya kusema ni fupi: "Daktari, mwanangu alikwenda porini wiki mbili zilizopita na aliumwa na mbung'o." Iseme kama kipimo cha malaria kimetoka hasi. Iseme pia kama kimetoka chanya, mtoto ametibiwa na homa imerudi. Tiba ipo, mwaka 2024 WHO ilianza kupendekeza fexinidazole, dawa ya kumeza, hata kwa aina hii ya malale iliyopo kwetu. Zamani matibabu yalitegemea sindano pekee.

Na mtoto akianza kuweweseka au kulala ovyo baada ya safari, asipelekwe kwanza kwa mganga wa kupunga mapepo. Mkoa huu umebebeshwa hadithi nyingi za uchawi, Gamboshi ikiwa mfano unaojulikana nchi nzima. Hadithi zibaki kuwa hadithi. Kila wiki inayopotea kwa mganga ni wiki ambayo vimelea vinakaribia ubongo.

Karatasi moja, watu watatu

Tunapendekeza kila fomu ya safari iwe na maswali sita. Mtoto ana ugonjwa gani wa kudumu? Anatumia dawa gani, saa ngapi? Kuna chakula au dawa inayomdhuru? Amewahi kuzimia, kubanwa pumzi au kuanguka kifafa? Anaombewa msaada gani wa pekee siku hiyo? Simu ya nani ipigwe, na nani wa pili akikosekana?

Mzazi aijaze kwa ukweli. Wapo wanaoficha kifafa au selimundu kwa kuogopa mtoto kuchekwa. Mwambie mwalimu mmoja unayemwamini, faraghani, na umtake aitunze siri hiyo. Lakini mwambie.

Shule imteue mwalimu mmoja wa afya kwa kila basi, asome fomu zote kabla ya safari na abebe sanduku la huduma ya kwanza lililokaguliwa. Ajue pia kituo cha afya kilicho karibu na kila mahali watakaposimama. Fomu za watoto wagonjwa zisigeuzwe orodha ya wa kuachwa.

Kliniki nazo zina nafasi yake. Mzazi akija kuuliza kuhusu safari, asijibiwe "asiende" kwa sababu tu ni jibu la haraka. Aandikiwe maelekezo mafupi ya kumpa mwalimu. Halmashauri za Simiyu, ambazo zinasimamia shule na zahanati kwa pamoja, zinaweza kuifanya fomu hiyo kuwa utaratibu wa wilaya nzima kwa gharama ya kuchapisha karatasi.

Barua ya safari ikifika nyumbani kwako muhula huu bila maswali hayo, usisubiri waraka. Igeuze upande wa nyuma, uyaandike majibu hayo sita kwa mkono wako, na umpe mwalimu mkononi. Kisha mwache mtoto apande basi.